Hiyo Habari ni ya Saa Ngapi?

Ukiishi Morogoro muda mrefu unagundua kwamba habari za huku zina mwelekeo. Za mvua hushuka na maji, za bei hupanda na magari. Kilele cha Lupanga kinaweza kunyeshewa mchana kutwa huku mjini jua linawaka, na mtu wa bondeni akashtukia mto umejaa bila yeye kuonja hata tone. Jioni, malori yakirudi kutoka Dar es Salaam, ndipo mkulima wa Nyandira au wa Kinole anaposikia kabichi imeporomoka au tangawizi imepanda, na usiku huohuo anaamua kama kesho avune au asivune. Kati ya mlima na mji wapo watu wanaozibeba habari hizi: mtendaji wa kijiji na ubao wake wa matangazo, katibu wa kikundi cha akina mama, katekista, mwadhini, dereva wa bodaboda, kijana anayesimamia kundi la WhatsApp la kata. Makala haya nawaandikia hao, nami ni mmoja wao.

Ninayotaka kuwaambia ni mawili yaliyoshikamana. Habari haijakamilika mpaka iwe na saa yake, na kosa halijasahihishwa mpaka sahihisho lifike kila mahali kosa lilipofika. La pili ndilo lililonigharimu, kwa hiyo naanza nalo.

Masika moja, miaka kadhaa nyuma, nilipigiwa simu jioni na kijana wa bodaboda aliyekuwa njiani kupanda mlimani. Akaniambia kalvati limekwenda na maji, magari hayapiti. Nilimwamini kwa sababu ni mtu ninayemfahamu, na kwa sababu nyuma ya sauti yake nilikuwa nasikia maji yanavyonguruma. Nikaandika kwenye kundi la kata: “Barabara imekatika, msishushe mzigo.” Alfajiri nikapata ukweli kutoka kwa mtu aliyefika pale kukiwa kweupe. Kalvati lilikuwa zima, lilifunikwa tu na matope na matawi, na vijana walikuwa wameshaanza kuyaondoa kwa majembe. Nikaufuta ujumbe wangu, nikaandika mwingine: “Barabara iko sawa.” Nikaona nimemaliza kazi.

Mama mmoja alikuwa na mikungu 40 ya ndizi kando ya barabara, ameikata jana yake. Hana simu ya kuingia kwenye makundi. Habari yangu ilimfikia kwenye mashine ya kusaga, kwa mdomo wa binti aliyeisoma kwenye simu ya kaka yake. Asubuhi akaja dalali, ambaye yeye alikuwa ameshajua kwamba njia imefunguka, akamwambia kwa huruma kwamba atamsaidia kuuondoa mzigo kabla haujaiva wote pale pale. Akaununua kwa bei ya kutupa. Ndizi ikishakatwa hairudi mgombani, na mama yule hakuwa na namna. Aliponieleza, wiki moja baadaye, hakunilaumu. Aliuliza tu: “Ile habari yako ilikuwa ya saa ngapi?”

Swali lile sijaliacha tangu siku ile. Kosa langu lilikwenda kwa miguu mpaka kwenye mashine ya kusaga, lakini sahihisho nililiacha kwenye simu. Tena kwa kuufuta ujumbe wa kwanza niliwanyima hata wale wenye simu nafasi ya kujua ni kipi kimebadilika. Aliyekuwa ameusoma akakuta pameandikwa tu kwamba ujumbe umefutwa, na chini yake maneno “Barabara iko sawa”. Barabara ipi? Sawa tangu lini? Na ile iliyokatika ni nyingine?

Kwa hiyo, ndugu yangu unayebeba habari za kijiji au mtaa, jizoeze kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya: habari mpya na sahihisho. Habari mpya huja kwa sababu hali imebadilika. Sahihisho huja kwa sababu sisi tulikosea. Mfano ulio wazi kuliko yote katika mji wetu ni wa Msamvu. Jumamosi asubuhi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na kituo cha mabasi, watu wakakimbilia kuchota petroli, na moto ukalipuka. Sitasimulia zaidi ya hapo, kwa maana wengi wetu tulizika. Siku ile idadi ya waliofariki iliyotangazwa mapema ilikuwa 57. Mazishi yalipofanyika kesho yake kwenye makaburi ya Kola, ilikuwa imeshapita 60. Majeruhi waliopelekwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili wakaendelea kufariki siku baada ya siku, na kabla Agosti haijaisha idadi ilikuwa imepita 100.

Katika siku zile za maombolezo niliwasikia watu wakibishana mpaka kugombana, huyu ana 57, yule ana zaidi ya 70, mwingine anasema wote waongo, serikali inaficha. Ukweli ni kwamba karibu kila mmoja alikuwa ameshika namba iliyowahi kutangazwa. Kilichopotea njiani ni siku na saa ya tangazo. Namba ilikuwa ya kweli ilipotoka, ikageuka uongo kwa sababu ilitembea uchi, bila tarehe. Idadi inayoongezeka haihitaji kuombewa radhi, inahitaji kuandikwa: “Mpaka Jumatatu jioni, waliofariki ni hawa.” Lakini mtu aliyeandika siku ile kwamba gari lililopinduka ni basi la abiria, huyo hakuwa na habari ya zamani, alikuwa na kosa, na kosa lina utaratibu wake. Ukiita kila kitu “habari mpya”, makosa yako yanajificha humo, na msomaji hajui kwamba aliloamini jana halikuwahi kuwa kweli. Ukiita kila kitu “sahihisho”, watu watadhani hujui kazi, kumbe mto tu umepungua.

Sasa nije kwenye saa, maana hapa lugha yetu ina mtego ambao wenzetu wengi duniani hawana. Sisi saa zetu tunazihesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Mtu akinakili kutoka kwenye tiketi au kwenye simu “06:00”, akaandika ubaoni “saa 6”, abiria atafika stendi mchana wakati basi limeondoka saa 12 asubuhi. Nimeona familia nzima na mizigo yao wamekaa kwenye benchi kwa sababu ya tarakimu hiyo moja. Sheria yangu ni rahisi: andika saa kama inavyosemwa, kisha ongeza asubuhi, mchana, jioni au usiku, kila mara, hata pale unapoona haina haja. Kama unanakili tangazo lililotumia saa za simu, libadilishe wewe kabla halijafika ubaoni, usimwachie bibi wa watu aligeuze kichwani.

Na maneno “leo”, “kesho” na “jana” yaogope kama moto wa nyika. Yanafaa mdomoni tu, maana anayeyasikia yuko na wewe muda uleule. Yakiandikwa, yanaanza maisha yao. “Kesho maji hayatatoka Kihonda na Mazimbu” ni ujumbe unaoweza kuzunguka siku tano, na kila siku unaposomwa kesho inasogea. Watu wanajaza madumu, maji yanatoka, wanakasirika, na siku yatakapokatika kweli hakuna atakayejaza. Andika jina la siku pamoja na tarehe: Alhamisi, tarehe 14. Tarehe peke yake haitoshi kwa sababu mtu anaweza kukosea tarakimu moja. Jina la siku likiwa pembeni, kosa linajifichua lenyewe, na msomaji atakupigia kuuliza kama umekusudia Alhamisi au tarehe 15.

Mahali nako kuna mitego yake. Manispaa yetu ina kata inayoitwa Chamwino. Dodoma nako kuna Chamwino, ile yenye Ikulu. Ukiandika “Chamwino hakuna umeme” na ujumbe ukavuka mlima wa Gairo, utakuwa umewazimia taa watu wasiohusika. Mkuyuni tunayo sisi, na Mwanza wanayo. Mto Ngerengere unapita kwenye kata nyingi, na “Ngerengere imefurika” haimwambii kitu mtu wa Mindu wala wa Tungi. Mgeta ni jina la mto, na ndilo jina wanaloliita watu eneo zima lenye vijiji vilivyoachana kwa saa nyingi za kutembea. Kwa hiyo taja kata, kisha alama ambayo mtoto wa darasa la nne anaijua: kwenye mwembe mkubwa, mbele ya zahanati, kabla ya kuvuka daraja ukitokea mjini. Hilo la “ukitokea mjini” ni muhimu mno huku milimani, kwani “ng’ambo ya mto” inategemea umesimama wapi.

Kisha mwambie msomaji umejuaje. Hapa ndipo nilipoanguka mimi, na ndipo naona wengi wanaanguka. Kuna “nimeona mwenyewe”, kuna “ameniambia mtu aliyeona”, na kuna “nimesikia inasemwa”. Hizo ni habari za nguvu tatu tofauti, na zote zinaweza kuandikwa mradi kila moja ivae nguo yake. Laiti ningeandika jioni ile, “Dereva wa bodaboda aliyefika saa 1 usiku anasema kalvati limekwenda, hatujalithibitisha, tutajua kukipambazuka,” mama yule angepata sababu ya kumwambia dalali asubiri.

Kuthibitisha si kazi kubwa kama watu wanavyodhani. Inatosha kujua nani ana dhamana ya nini. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, zile za vijijini na mitaani ziko chini ya TARURA. Ukimuuliza asiyehusika atakujibu kwa kukisia, nawe utakuwa umekusanya kisio lenye cheo. Maji ya mjini ni MORUWASA, umeme ni TANESCO. Kwa mvua ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, na hapo nawasihi sana msibadilishe maneno yao. Wanapotoa “angalizo” wamekusudia angalizo, na “tahadhari” ni ngazi iliyo juu yake. Mtu akilipandisha angalizo kuwa tahadhari kubwa ili watu washtuke, watashtuka mara mbili, ya tatu watalala. Watu wa Uluguru wanaoishi kwenye miteremko hawastahili kuzoeshwa hivyo.

Habari za bei ziko kwenye kundi lao peke yao, na kwa mkulima ndizo habari zenyewe. “Karoti imepanda, sasa ni 60,000.” Ya nini? Gunia la kawaida au lumbesa? Ni bei ya shambani Mgeta, ya gulioni, ya Soko Kuu la Chifu Kingalu, au ya Dar es Salaam? Imenunuliwa na nani, mchuuzi anayelipa papo hapo au dalali anayelipa akirudi? Bei isiyotaja kipimo, mahali na siku haina tofauti na kelele. Mimi siku hizi naandika bei mbili kila mara, ya chini na ya juu niliyoiona kwa macho siku ile, nikitaja chombo: tenga, gunia, mkungu, kilo. Ndizi zina matatizo zaidi, maana mkungu wa Kinole na mkungu mwingine hailingani, na mnunuzi analijua hilo kuliko muuzaji. Ukikosea bei, usingoje gulio lijalo kusahihisha. Watu wanakata mazao usiku.

Sasa niwaonyeshe kwa karibu. Hii ni mifano niliyoiunda, lakini wa kwanza unafanana na mamia ya matangazo niliyoyapokea: “Wanakijiji mnatangaziwa kuwa kutokana na changamoto ya miundombinu leo usafiri umeathirika kwa kiasi kikubwa hivyo chukueni tahadhari. Mwambie na mwenzio!!!” Soma tena. Hakuna barabara, hakuna saa, hakuna aliyeona, na “changamoto ya miundombinu” inaweza kuwa shimo au mlima mzima. Lugha hii ya ofisini imeingia mpaka kwenye matangazo ya kitongoji, na inaumiza hasa wazee, ambao wengi huwaza kwa Kiluguru na kusikiliza Kiswahili cha watu. Wao wanajua “barabara imebomoka”, “maji hayatoki”, “dawa zimekwisha zahanati”. Neno “changamoto” likae pembeni mpaka tuseme ni nini kilichoharibika.

Habari ileile ikiandikwa vizuri: “Barabara ya Bigwa–Kisaki, kati ya Kiroka na Mkuyuni. Jumanne tarehe 9 Aprili, saa 1 usiku. Magari hayapiti, maji yamefunika kalvati. Pikipiki zinavushwa kwa kubebwa. Mwandishi ameona mwenyewe saa 12 na nusu jioni. Habari inayofuata: Jumatano saa 1 asubuhi, hata kama hakuna kilichobadilika.”

Sentensi ile ya mwisho ndiyo watu huiacha, nami naithamini kuliko zote. Ukiwaahidi watu saa ya habari inayofuata, hawatakupigia simu usiku kucha, wala hawataziba pengo kwa uvumi. Na saa ikifika, timiza. “Hakuna mabadiliko mpaka saa 1 asubuhi” ni habari kamili. Mtu mwenye mgonjwa wa kushusha mjini anaihitaji kama anavyohitaji ile ya njia kufunguka.

Na sahihisho liandikwe hivi: “SAHIHISHO. Jumatano tarehe 10 Aprili, saa 3 asubuhi. Magari yote yanapita kati ya Kiroka na Mkuyuni tangu saa 2 asubuhi. Saa 1 asubuhi tuliandika kwamba kalvati limebomoka. Halikubomoka, lilifunikwa na matope, na yameshaondolewa. Tulikosea kwa kupokea maelezo ya mtu aliyeliona gizani. Kama ulimwambia mwenzako, mwambie tena.”

Angalia mpangilio wake. Ukweli umetangulia, kwa sababu mtu aliye mbioni anasoma mstari wa kwanza na kuondoka. Kosa limetajwa lilivyokuwa, mara moja tu, halikurudiwarudiwa mpaka likakaa kichwani. Sababu imetolewa kwa maneno machache, bila kumtaja kijana wa watu. Mwisho, msomaji amepewa kazi, kwani yeye ndiye aliyeibeba habari ya kwanza mpaka kwenye mashine ya kusaga na ndiye anayejua alimwambia nani. Sioni haja ya kuomba radhi aya nzima. “Tulikosea” linatosha, tena lina uzito kuliko “samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza”, maneno ambayo hayakiri chochote.

Ujumbe wa zamani usiufute. Kwenye simu, ujibu uleule wenye kosa ili sahihisho lining’inie juu yake. Ubaoni, kata kosa kwa mstari mmoja unaosomeka, andika sahihisho kando yake pamoja na saa. Najua watendaji wanaopenda ubao msafi. Lakini mtu aliyesoma jana akirudi leo na kukuta maandishi mengine kabisa, atadhani jana alisoma vibaya, au atadhani anachezewa. Mstari ule wa kukata unamwambia kwamba alisoma sawasawa, sisi ndio tulioandika vibaya.

Sahihisho pia liwe na makao. Magazeti makubwa yaliligundua hili zamani. The New York Times limekuwa likiweka masahihisho yake mahali pamoja tangu 1972, na The Guardian la Uingereza likaanzisha safu yake ya kila siku mwaka 1997. Msomaji hatafuti, anajua yalipo. Ubao wa kijiji unaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama: pigia mstari robo ya chini upande wa kulia, andika MASAHIHISHO, na hata wiki isiyo na kosa eneo hilo libaki wazi. Kikundi kinaweza kuwa na daftari moja la mistari. Upande wa kushoto yanaandikwa yaliyotangazwa, pamoja na siku, saa na aliyeleta habari. Kulia yanaandikwa yaliyobadilika na njia yaliyopitishwa: ubao, msikiti, kanisa, simu, mashine ya kusaga, kilabuni, kisimani. Safu hiyo ya njia ndiyo iliyonibadilisha mimi. Kabla ya kutuma sahihisho naangalia kosa lilipita wapi, nami napita hapohapo. Kama lilitangazwa baada ya ibada ya Jumapili, nangoja hadi Jumapili? Hapana, naanza mara moja kwa njia nilizo nazo, kisha Jumapili namwomba katekista alitamke tena, kwa sababu wapo wanaosikia habari kwa wiki mara moja tu. Redio zetu za Morogoro, kama SUA FM na Radio Ukweli, zinawafikia wengi, ila yapo mabonde nyuma ya milima ambako redio inakwaruza tu, na huko mjumbe wa nyumba kumi bado ndiye redio.

Wapo watakaosema kukiri makosa hadharani kunashusha heshima ya ofisi. Naielewa hofu hiyo, hasa kwa mtendaji ambaye kila neno lake linapimwa na wanasiasa wa kijiji. Lakini niliyoyaona ni kinyume. Baada ya mwaka mmoja wa kuandika “tulikosea” pale tulipokosea, watu walianza kutuletea masahihisho wenyewe, kabla hatujawauliza. “Pale umeandika zahanati itafungwa Ijumaa, nesi anasema ni Jumamosi.” Huo ni msaada ambao hakuna ofisi inayoweza kuununua.

Sheria nayo ijulikane. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha mtandaoni habari anayojua kuwa ni ya uongo kwa nia ya kupotosha, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Sisemi hili kuwatisha wanaobeba habari kwa moyo mwema. Nasema kwa sababu kosa uliloshatambua, ukaliacha liendelee kuzunguka kwa kuona aibu, limeshaacha kuwa bahati mbaya.

Yapo mambo ambamo haraka haina nafasi kabisa, na la kwanza ni kifo. Baada ya moto wa Msamvu baadhi ya miili haikutambulika kwa macho, ikabidi zichukuliwe sampuli za vinasaba za ndugu. Fikiria familia iliyokuwa inangoja majibu hayo, huku simuni majina yanatajwa. Jina la marehemu lisitoke kwako kabla halijatoka kwa wafiwa. Na likitoka, taja ukoo, kitongoji na watoto wake, kwa sababu majina yetu yanafanana. Kwenye kata moja unaweza kukuta wanaume sita wenye jina moja na la baba moja. Ukimtangazia kifo aliye hai, sahihisho la ubaoni halitoshi. Nenda nyumbani kwake kwa miguu yako, uonane naye, uonane na mkewe, ndipo urudi uandike. Picha za majeruhi na za maiti usizipokee wala usizipitishe, hata kwa maelezo kwamba ni za kuthibitisha.

La mwisho ni kufunga habari, na hapa karibu sote tuna deni. Tunajua kufungua: ng’ombe kapotea, mtoto kapotea, damu inahitajika, njia imefungwa. Ng’ombe akipatikana tunashukuru Mungu na kwenda kulala, na tangazo linabaki linatembea. Kila jambo ulilolifungua lina siku ya kufungwa, na aliyelifungua ndiye mwenye kulifunga. Pitia daftari kila Jumamosi jioni, uone lipi bado liko wazi. Tangazo lenye picha lifungwe kwa picha ileile, maandishi makubwa juu yake, AMEPATIKANA, pamoja na siku na tarehe, kwa sababu picha inasafiri bila maneno yaliyokuwa chini yake. Namba ya simu ya familia usiiweke kwenye tangazo la kwanza kama ya mtendaji au ya kituo cha polisi inatosha. Ikishatoka huwezi kuirudisha.

Jirani yangu mmoja mtoto wake wa kiume alipotea siku ya gulio, akiwa na miaka saba. Picha yake akiwa na shati la shule ilitumwa mchana, na kabla ya magharibi alikuwa amepatikana kwa mjomba wake, amelala, ameshiba. Sote tulifurahi, hakuna aliyekumbuka kuandika. Juzi nilikuwa nimekaa kwake barazani simu ikaita, mtu wa mbali, wa mkoa mwingine, ana wasiwasi, anasema ameona mtoto stendi anayefanana na yule wa pichani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa upole wa mtu aliyeshajibu mara nyingi, akamwambia, “Alipatikana siku ileile, baba. Yuko darasa la tano sasa.”